Nilivyojifunza kuitisha mkutano wa kijiji kwa kuhesabu mwezi

Nilipelekwa kuwa mtendaji wa kijiji kwenye kisiwa kidogo cha Wilaya ya Mafia, nami ni mtu wa bara. Sheria niliijua vizuri: mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Mara tatu nilibandika tangazo la saa nne asubuhi. Mara zote tatu tulikaa chini ya mwembe mimi, mwenyekiti, wajumbe wachache wa halmashauri ya kijiji, na watoto. Akidi haikutimia.

Kilichoniuma zaidi ni fedha za tangi la maji ya mvua. Kijiji kizima kilikuwa kimechanga, na kwa kuwa hesabu haikusomwa, maneno yalianza: zimeliwa. Risiti zote nilikuwa nazo kwenye faili. Nani angeziona?

Nikamwendea bibi mmoja anayesikilizwa sana na kina mama wa kitongoji cha pwani. Nilimkuta anasuka ukili.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza kwa nini hatuji?”

Nikakiri.

“Mkutano wako wa juzi uliuweka siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, saa nne. Maji yametoka, pweza wako mwambani. Nani ataacha pweza aje kukaa kitako?”

Wanaume nao walikuwa na saa zao. Mwenyekiti, nahodha wa zamani, alinieleza jioni hiyo hiyo. Mwezi ukiwa giza wako baharini usiku kucha na taa wakivua dagaa, na asubuhi wamelala. Mbalamwezi ikikomaa taa haivuti dagaa, kwa hiyo wanabaki nyumbani kushona nyavu. Miezi yote ile nilikuwa natazama kalenda ya ukutani, wakati kisiwa kinahesabu mwezi mwandamo.

Tukakaa tukapanga. Mwezi 15, yaani siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, wavuvi wako nyumbani. Ni bamvu pia, lakini kwetu siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo kina mama wanakuwa wamesharudi adhuhuri. Mkutano tukauweka saa nane, tupumzike kwa swala ya alasiri, kisha tuendelee. Faida nyingine sikuitegemea: maji yakijaa, mashua inafika karibu na ufuo, hata mzee asiyeweza kutembea kwenye matope anashuka. Tangazo la karatasi nililiacha ubaoni kwa sababu ni utaratibu, ila aliyeleta watu ni mpiga mbiu, aliyezunguka vitongoji usiku wa kuamkia siku hiyo.

Walijaa. Wengine walisimama.

Nilisoma hesabu kifungu kwa kifungu, na kila risiti ikapita mkono kwa mkono. Nilipofika kwenye nauli ya mashua ya kuleta saruji kutoka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, kijana mmoja akasimama: kwa nini imeandikwa mara mbili? Lilikuwa swali la haki, na moyo ulinidunda ingawa nilijua jibu. Kabla sijafungua mdomo, nahodha wa mashua ile akainuka mwenyewe. Safari ya kwanza upepo wa kusi uliwarudisha njiani, akasema, na mabaharia walikuwa wameshafanya kazi, kwa hiyo walilipwa. Akamtazama kijana: “Ulikuwepo ufukweni tuliporudi, au hukuwepo?” Kijana akasema alikuwepo. Akakaa.

Maswali yaliendelea mpaka karibu na magharibi. Tulipotaka kufunga, yule bibi akanyoosha mkono, akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba mkutano wa robo ijayo uwe mwezi 15, baada ya adhuhuri. Nikaandika, nikamsomea kwa sauti, akaitikia.