Nina Simone: Kanisani, kwa Bach, Hadi Baa ya Atlantic City

Kila ninapomsikiliza Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, sikio langu huifuata piano kabla ya sauti. Alizaliwa Tryon, North Carolina, mwaka 1933, akiitwa Eunice Waymon, binti wa mhubiri wa Kimethodisti, na tangu utotoni alipiga piano kanisani huku akifundishwa kazi za Bach, mtunzi wa Kijerumani wa muziki wa klasiki. Mwaka 1954 aliajiriwa kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City, ambako mwenye baa alimtaka aimbe pia. Jina jipya, Nina Simone, alilichukua ili mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa mhubiri, asijue kwamba anapiga muziki baa.

Katikati ya wimbo "Love Me or Leave Me", mkono mmoja unaanzisha wazo na wa pili unalijibu, kwa mtindo wa Bach kabisa, huku mdundo wa jazi ukiendelea bila kuyumba. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo ukuu wake, kuliko hata katika ile sauti nzito inayosifiwa na wengi.