Tunajipima kwa Mizani Ipi?

Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambao siku hizi hutajwa zaidi na wanaotaka kumwita mwenzao mjinga kwa lugha ya kisomi. Katika jaribio mojawapo, wanafunzi 45 walijibu maswali 20 ya mantiki, kisha wakaulizwa wanajiweka wapi kati ya wenzao. Robo ya mwisho, ambayo kwa wastani iliwapita asilimia 12 tu ya wenzao, ilidhani imewapita asilimia 62. Robo ya kwanza nayo ilikosea, ila kwa kujipunja, jambo ambalo wapenda kutukana hawalitaji.

Maelezo ya watafiti ni kwamba ujuzi wa kulitambua jibu sahihi ndio ule ule unaohitajika kulipata. Chukua fumbo la mwanasaikolojia Peter Wason la mwaka 1966. Mezani pana kadi nne zinazoonyesha A, K, 4 na 7. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Inadaiwa kwamba kadi yenye irabu lazima iwe na namba shufwa nyuma yake. Utageuza zipi ili kuhakikisha? Wengi husema A na 4. Nimewauliza walimu wenzangu, na waliojibu upesi ndio waliokuwa wepesi wa kubisha. Jibu ni A na 7, kwa kuwa 4 haivunji kanuni hata ikiwa na K nyuma yake, ilhali 7 yenye irabu nyuma huivunja papo hapo. Aliyechagua 4 hana kitu cha kumshtua, kwa sababu hoja iliyompotosha ndiyo hiyo hiyo anayoitumia kujihakiki.

Wanatakwimu wamepinga, na wana hoja: alama za mtihani mmoja huchanganyika na bahati, na aliye chini kabisa akikosea kujikadiria, hana pa kukosea ila juu. Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni jaribio la nne la utafiti huo. Baada ya mafumbo ya aina hii, baadhi ya wanafunzi walipewa somo fupi la mantiki, kisha wakarudishiwa majibu yao wenyewe wayapitie. Waliokuwa wamefanya vibaya zaidi walishusha makadirio yao, bila kutajiwa alama walizopata.