Ninavyowafundisha sarakasi watoto wasioona

Watu wakisikia nafundisha sarakasi watoto wasioona na wenye uoni hafifu, swali la kwanza huwa la mipira: wataidakaje? Mipira naiweka mwisho. Naanza na piramidi, yaani watu kupanda juu ya wenzao. Sarakasi ya kwetu Afrika Mashariki imejaa piramidi, na piramidi hujengwa kwa kugusana.

Kabla ya zoezi lolote nataka neno la daktari wa macho kwa kila mtoto. Mwenye glaukoma, ugonjwa wa presha ya jicho, hasimami kwa kichwa wala kwa mikono, kwani akiwa miguu juu presha ya jicho hupanda. Hata kubeba wenzake simruhusu, maana kujikaza huku umebana pumzi nako huipandisha. Ambaye retina yake, utando wa nyuma ya jicho, iko hatarini kubanduka harukiruki wala habinuki. Hapa sibembelezwi na mtu, hata mtoto akilia. Wenye ualbino mwanga mkali huwasumbua, kwa hiyo tunafanyia ukumbini, jua likiwa nje.

Pembeni mwa mikeka nimelaza kamba nyembamba na kuifunika kwa utepe wa gundi. Unyayo ukiigusa, mtoto anajua amefika ukingoni.

Kazi kubwa ilikuwa mdomo wangu. "Weka mguu hapa" haimsaidii mtu. Nasema: goti la kulia juu ya nyonga ya mwenzako, usikanyage katikati ya mgongo. Kwanza mimi nakaa mkao wenyewe, mtoto ananipapasa kuanzia mabega hadi magoti, kisha anakaa yeye. Nikitaka kumrekebisha naomba kwanza: "Nikuguse bega?" Akikataa, naeleza upya kwa maneno.

Katika piramidi tunatumia ishara za kugonga: mara moja niko tayari, mara mbili shuka. Siku moja msichana aliyekuwa chini alisema, "Mwalimu, Juma mguu wa kushoto unamtetemeka, ashuke." Nilikuwa nimesimama mbele yao na sikuwa nimeona kitu. Tangu hapo, neno la aliye chini ndilo la mwisho.

Sahani ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Ni ya plastiki, ina kishimo chini katikati, inazungushwa juu ya kijiti. Mtoto anaweka mkono wake juu ya wangu, anausikia mzunguko wa kifundo, halafu tunabadilishana. Sahani ikiyumba kijiti hupiga kiganjani. Ikitulia mtikisiko huwa laini. Wanaoona hukodolea macho sahani wakasahau mkono. Hawa husikiliza mkono tu, na wengi huipata upesi.

Mipira tunaanza kwa kuiviringisha kwenye meza iliyoinuliwa upande mmoja: inapanda, inarudi mkononi, na mlio wake unasikika njia nzima. Baadaye tunaidundisha sakafuni. Ile ya kurusha hewani tunaitia njuga, kama mpira wa golboli, mchezo ulioanza 1946 kwa askari waliopofuka vitani.

Siku ya kuwaonyesha wazazi niliomba jambo moja: wasipige makofi mpaka piramidi ishuke, watoto wanasikilizana. Walivumilia. Watoto waliposhuka wote, ukumbi ulilipuka, na mama mmoja akanifuata kuuliza mazoezi ni siku gani, ana mtoto mwingine nyumbani asiyeona ambaye hajawahi kumtoa.