Ua la mti wa ua

Kiswahili chetu kimebarikiwa jamani, ua ni lile linalochanua na ua ni ule uzio, na mi nikishika kichupa changu nawaza hivohivo kwasababu esensi (yani maji ya maua yanayonywewa kwa matone) ninayoipenda kuliko zote inatoka kwenye ua la mti wa kwenye ua. Naongelea mtufaha mwitu. Ule mti mdogo uliopindapinda, Uingereza unajiotea kwenye nyua za miti zinazotenganisha mashamba, matunda yake ni machachu hadi meno yanatia ganzi, ila mwezi wa tano njoo uone, vitumba vya pinki vikifunguka vinakuwa vyeupe.

Nilikutana nayo baada ya msiba. Nilimuuguza mama miezi mingi, na alipoondoka mikono yangu ikawa haitakati, nanawa, nakaa kidogo, narudi kunawa tena, usiku naamka kunawa, hadi ngozi ikapasuka na bado najiona nina uchafu ambao sabuni haiufikii. Rafiki yangu hakunihubiria, alinipa tu kichupa akasema hii ni ya mtu anayejiona mchafu. Nililia sana siku ile maana sikuwa nimemwambia mtu.

Aliyeianzisha ni Edward Bach, daktari wa Kiingereza aliyekuwa anafanya utafiti wa bakteria London. Mwaka 1930 aliacha yote akaenda kuzunguka mashambani kutafuta maua, na mpaka anafariki 1936 alikuwa ameacha dawa 38, kila moja kwa ajili ya hali ya moyo: hofu, wivu, kukata tamaa. Hii ya mtufaha mwitu aliiita ya kusafisha. Vijitawi vyenye maua vinachemshwa nusu saa kwenye maji ya chemchemi, yanapoa, yanachujwa, yanachanganywa na brandi nusu kwa nusu, halafu matone 2 tu ndo yanaingia kwenye kichupa cha mililita 30 chenye brandi. Ukitaka kutumia, unatia matone 2 ya kichupa hicho kwenye kichupa kingine cha mililita 30 cha maji, na humo ndo unakunywa matone 4 mara 4 kwa siku.

Sasa niseme ukweli, tafiti zilizolinganisha hizi esensi na dawa ya bandia, yani ile ya kujaribia isiyo na kitu ndani, hazijaona tofauti. Nalijua hilo na sitamdanganya mtu kuwa inatibu ugonjwa. Mi ninachokijua ni kwamba mara 4 kwa siku ule mkono uliokuwa unakimbilia bomba ulikuwa unashika kichupa badala yake, nafumba macho, namtaja mama, nasali. Kuna kitabu cha tiba cha Waingereza wa kale, kina kama miaka 1000, kinaelekeza dawa ya mimea 9 ichanganywe na tufaha, na kabla ya kutengeneza uiimbie kila mmea mara 3 na tufaha nalo uliimbie. Nilivosoma hapo nilisisimka, maana wale watu walikuwa wanauongelesha mti kwanza ndo wanauomba kitu.

Na mti wenyewe ukiuangalia vizuri, gome limejaa kuvu na ukungu wa kijani, matawi yamekatwakatwa na mashine za kupunguzia ua, hakuna anayeuosha, na nyuki wanaujia vilevile. Hapo ndo roho yangu ilitulia. Nilikuwa nadhani kutakata ni kutokuwa na doa hata moja.

Kwa mnaouliza, kama hutumii pombe tafuta ya gliserini, zipo. Na kama kunawa kumekushinda kabisa kama mimi, tafadhali nenda kwa daktari au mshauri nasaha, mi nilienda pia na nilikuwa naongea naye huku kichupa kiko mkobani, sikuona vinagombana.

Saivi nanawa kabla ya kula na nikitoka chooni, basi. Jumapili nilivaa pete ya mama, nilikuwa naogopa kuigusa kwa mikono hii, na nikalala nayo.