Huku Firenze nanakili picha ya Bikira Maria, huu ni mwezi wa saba tangu nianze

Habari za wikiendi ndugu zangu. Wengi mnajua niko Italia natunza wazee, nakaa na bibi mmoja hapa Firenze ana miaka 84, namwita Signora. Alifundisha kuchora shuleni miaka mingi ila sasa mikono inatetemeka hawezi tena kushika brashi, basi kipindi kile cha baridi akaniambia we mikono yako imetulia, vuta kiti ukae hapa. Ndo ikaanza hivyo.

Picha aliyonipa ninakili ni Madonna del Cardellino ya Raffaello, wengi wanamjua kama Raphael, aliichora humuhumu Firenze mwaka 1505 au 1506 hivi, kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Bikira Maria amekaa na kitabu mkononi, mbele yake Yohane Mbatizaji bado mtoto ameshika ndege mdogo jamii ya chiriku mwenye uso mwekundu, na Yesu anampapasa huyo ndege. Wakristo wa zamani huku walisema ule wekundu ni damu ya mateso, yaani watoto wanacheza na msalaba uko hapohapo katikati yao. Kwetu Marangu Mama Maria alikuwa ukutani kwenye kalenda ya parokia tangu nazaliwa, ila sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu alikaa chini akamtengeneza tabaka kwa tabaka.

Maana rangi ya mafuta siyo kama hii ya ukutani. Haikauki kwa maji kutoka, ni mafuta ya mbegu za kitani yanakutana na hewa taratibu mpaka yanaganda, ukiwa na haraka umeharibu. Chini unaanza na rangi uliyoipunguza kwa tapentaini, kila unavyopanda unazidisha mafuta, ukifanya kinyume la juu linawahi kukauka la chini bado linajivuta na picha inapasuka. Na ngozi sasa! Signora alinifundisha njia ya zamani ya Waitaliano, uso wote unapaka KIJANI kwanza, kijani ya udongo, halafu pinki nyembamba sana juu yake, ile kijani inabaki inachungulia kwenye kivuli cha shavu na uso unapata uhai. Nikamuuliza, na ngozi yangu je? Akasema jaribu. Nikachora mkono wangu kwenye kipande cha mbao, kijani ileile chini, juu udongo mwekundu wa kuchomwa na kahawia, na njano kidogo pale mwanga unapogonga vifundo, ukatoka mkono wangu kabisa, nililia.

Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia Uffizi, jumba la makumbusho ilipo picha hiyo, ni bure na Jumapili ndo ofu yangu, kwa hiyo nadamka napanga foleni nikasimame mbele ya ile yenyewe. Nyumba ya aliyekuwa nayo iliporomoka miaka ya 1540, picha ikavunjika vipande 17, wakaviunga kwa misumari na kupaka rangi juu kuficha maungio, baadaye ikarundikana vanishi na uchafu wa karne kadhaa, mpaka mafundi wa hapahapa Firenze walipokaa nayo kama miaka 10 ikarudi kwa watu 2008. Mimi shavu moja likinishinda wiki tatu huwa nawawaza hao mafundi.

Juzi nikamtumia mama picha mbili WhatsApp, ya Raffaello na yangu. Hakusema nzuri wala mbaya. Akakaa kimya kama nusu saa halafu voisi ikaingia: "Mwanangu, kwenye ile ya kwanza mtoto kamkanyaga mama yake mguu, kwako umemsimamisha kwenye majani. Mtoto akiwa mdogo hivyo hapendi majani, anakupanda mguuni. Na wewe ulikuwa hivyohivyo."

Miezi saba naiangalia na sikuuona ule mguu. Usiku nilipomlaza Signora nikachukua kisu nikaukwangua, na kesho naanza tena na kijani.