Roboti iliyokuwa inakula kingo za mapanga ya injini

Roboti yetu ya kung'arisha mapanga ya kompresa (sehemu inayobana hewa) ya injini za ndege ilikuwa inakula ukingo wa mbele huku katikati ikiacha mikwaruzo. Wenzangu walilaumu mkanda wa msasa (husingiziwa kila kitu). Mimi nilikagua njia inayofuatwa na roboti: ilitoka kwenye mchoro wa panga jipya, ilhali panga lililokwisha kutumika huwa limepinda na kulika kwa namna yake. Sasa kila panga linapimwa kwanza kwa skana ya leza, programu inairekebisha njia. Kichwa cha kusagia nikakifunga kihisi cha nguvu, mgandamizo usibadilike ovyo. Ukingoni nimeupunguza zaidi, maana titani, metali ya mapanga haya, haipitishi joto vizuri, hivyo joto hurundikana hapo. Ikigeuka bluu, ujue imeungua. Mikwaruzo imekwisha, na ukingo umebaki na mviringo wake.