Kwenda Atcham kwa Daktari Kingsford

Treni kutoka Birmingham hadi Shrewsbury huchukua kama saa moja. Shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alikubali kunisindikiza nilipomwambia tunakwenda kuzuru kaburi la daktari mwanamke wa zama za Malkia Victoria. Mengine sikumwambia.

Basi likatushusha Atcham, kijiji kilicho kando ya mto Severn. Pana madaraja mawili yaliyokaa sambamba: moja la magari, na lile la mawe la karne ya 18, ambalo sasa limebaki la wapita kwa miguu. Kanisa la Mtakatifu Eata liko papo hapo mtoni. Algernon Kingsford alikuwa kasisi hapa, ila sisi tulimfuata mkewe, Anna, aliyezikwa uani.

Tukiwa makaburini nikaanza kumsimulia. Anna alizaliwa 1846. Alipotaka kusomea udaktari, Uingereza ilikuwa bado inawabania wanawake, basi 1874 akaenda Paris. Alihitimu 1880 bila kumpasua mnyama hai hata mmoja kwa majaribio, na tasnifu yake ikatetea ulaji wa mimea. Kisha akazama katika elimu ya siri: 1883 akawa rais wa tawi la London la Jumuiya ya Theosofia, kundi lililotafuta hekima ya siri ndani ya dini zote, na mafundisho mengi, kwa maelezo yake, yalimjia usingizini.

Shemeji alikuwa ameshampenda. Ndipo nikamtolea lililobaki. Claude Bernard, bingwa wa kupasua wanyama hai, alipofariki 1878, Anna aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa nguvu ya nia yake tu. Paul Bert, mwanasayansi mwingine aliyepasua wanyama hai, alipofariki 1886, akajihesabia na huyo. Akamlenga Louis Pasteur pia, mwanasayansi wa chanjo, lakini Pasteur akaishi hadi 1895.

"Shemeji, huyu kwetu si angeitwa mchawi!"

Angeitwa, tena bila kupepesa macho. Wanaomsifu hulipitia jambo hili mbiombio, nami ndilo lililonitoa nyumbani: mtu asiyestahimili mateso ya sungura, akawaombea wanadamu kifo na kujivunia.

Novemba 1886 alilowa mvua Paris akienda maabara ya Pasteur. Mapafu hayakupona. Akafa Februari 1888, ana miaka 41.

"Basi yalimrudia," akasema shemeji.

Nikamwambia ni kifua kikuu, yeye kama muuguzi anakijua kuliko mimi. Hakukubali. Tulibishana ndani ya treni ya kurudi hadi Wolverhampton.